Kioo kimekufa, mhariri anasubiri

Ukimya wangu una sababu.

Juzi nilikuwa Kondoa, natoka Kolo kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Begi likadondoka kwenye bodaboda. Kufungua laptopu, kioo cheusi tii! Picha na mahojiano yote yamo humo, na mhariri anataka habari kabla ya saa kumi na moja jioni.

Kijana mmoja wa fotokopi akaniazima monita yake ya zamani. Tatizo, laptopu ina tundu la HDMI, monita ina VGA. Waya wa kuunga moja kwa moja ukagoma. Kumbe HDMI inatoa ishara za dijitali, VGA inataka za analogia, kwa hiyo lazima pawe na kigeuzi chenye saketi ndani. Akakitoa kwenye droo. Bado giza!

"Dogo, basi tena," nikamwambia.

"Tulia braza. Feni si unaisikia? Mashine nzima, ila picha bado inaipeleka kwenye kioo kibovu."

Akashikilia kitufe cha Windows, akagonga P mara mbili, akaachia, akabonyeza Enter. Ghafla michoro ya Kolo hiyo hapo!

Habari ilifika zikiwa zimebaki dakika tano. Jana nimenunua flashi, maana kazi yangu yote ilikuwa mahali pamoja tu. Wewe je, ya kwako iko wapi?