Vielezi vya Kiingereza na Taabu Zake

Sisi wa mwaka wa tatu wa umanite tumepewa nafasi katika toleo hili, na tumechagua kusema habari za maneno madogo yanayotusumbua kila wiki katika saa ya Kiingereza. Ni yale ambayo kwa Kifaransa tunayaita adverbe, na vitabu vya Kiswahili vinayaita vielezi. Wengi kati yetu wanafikiri kielezi ni kama chumvi tu: ikikosekana, chakula kitaliwa vile vile. Sisi hatukubali, na tutaonyesha kwa nini.

Kwanza tuangalie namna yanavyotengenezwa. Mfaransa anatwaa neno «lent», analifanya la kike, «lente», halafu anatia «ment» mwishoni. Hiyo «ment» inatoka katika Kilatini, «mente», maana yake kwa akili, kwa nia. Mwingereza naye anatwaa «slow» na kutia «ly». Hiyo «ly» ni ya zamani sana. Ilitoka katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mwili au umbo. Basi Mfaransa anatembea kwa akili ya polepole, na Mwingereza anatembea kwa mwili wa polepole! Tulicheka siku tulipofundishwa hivyo, lakini tangu siku ile hakuna mtu katika kalasi aliyesahau «ly».

Kiswahili hakina mkia mmoja namna hiyo. Tuna «vizuri» na «vibaya», tuna «kitoto» na «kizee», tuna «kwa bidii», tuna «polepole» na «mbio» ambayo hayahitaji kitu chochote. Tena huku kwetu Rutshuru mtu anasema «anaimba muzuri», na kila mtu anasikia, hata kama mwalimu wa Kiswahili anakunja uso.

Kwa sababu «ly» ni rahisi, wanafunzi wanaitia kila mahali kama mtu aliyepata nyundo mpya. Hapo ndipo taabu inaanza. «Fast» haina «fastly». Inabaki «fast» tu, ikieleza jina au ikieleza kitendo. «Good» haifanyi «goodly», inageuka kabisa kuwa «well». Na «friendly» imevaa koti la kielezi lakini haiko kielezi hata kidogo: inaeleza mtu, si kitendo.

Mbaya kuliko yote ni «hard». Tuseme mtu anaomba kazi, na rafiki yake anamwandikia barua ya kumsifu: «He works hardly». Anafikiri ameandika kwamba jamaa anafanya kazi kwa nguvu. Kumbe Mwingereza akisoma anashangaa, maana «hardly» ni «karibu hata kidogo hapana». Rafiki amemwambia bwana wa kazi kwamba huyu mtu hafanyi kitu! Ilitakiwa aandike «He works hard», basi. Vilevile «late» ni kuchelewa, lakini «lately» ni siku hizi za karibuni. «Near» ni karibu kwa mahali, lakini «nearly» ni nusura. Herufi mbili tu, na maana imehama.

Sasa sisi wa Kongo tuna taabu yetu wenyewe ambayo jirani zetu wa Uganda hawana. Wao wanafundishwa kwa Kiingereza. Sisi tunapita kwanza katika mlango wa Kifaransa. Tukikutana na «actually» tunaona «actuellement» na tunatafsiri «sasa hivi», lakini «actually» ni «kwa kweli». Tukikutana na «eventually» tunaona «éventuellement», yaani «labda, ikitokea». Hapana! «Eventually» ni «mwishowe, hata ikikawia». Mtu wa mbali akikuandikia kwamba «eventually» atakusaidia kulipa masomo, amekupa ahadi ya polepole. Ukisoma kwa macho ya Kifaransa utafikiri amekuambia «tutaona», na pengine utaacha kumjibu.

Tena kuna «toujours». Neno hili la Kifaransa linabeba mizigo miwili: «sikuzote» na «mpaka sasa». Mwingereza ameitenga: «always» na «still». Fikiri mwanafunzi ambaye baba yake ameshikwa na malaria wiki mbili, naye anaandika kwa Kiingereza kueleza kwa nini hajarudi masomoni. Akisema «My father is still sick», msomaji ataona huruma na kungoja. Akisema «My father is always sick», msomaji atafikiri ni mzee wa kuugua sikuzote, na ruhusa hiyo haitakwisha. Ni neno moja tu lililogeuka, na pengine nafasi yake katika kalasi inategemea neno hilo.

Juu ya mahali pa kielezi tutasema kwa ufupi. Mfaransa anasema «je parle bien l'anglais», kielezi katikati ya kitendo na kitu chake. Mwingereza hapendi mtu wa tatu aketi kati ya hao wawili: «I speak English well». Na maneno kama «always» na «often» yanatangulia kitendo, «I always walk to school», isipokuwa pamoja na «to be», ambapo yanafuata: «I am always early». Wenzetu wengi wanapoteza pointi hapa, na katika Egzamen d'Etat, ambapo unachagua jibu moja kati ya majibu yanayofanana kama mapacha, mahali pa kielezi panaweza kuwa tofauti yote iliyoko.

Sasa tufike kwenye neno ambalo lilitufanya tuandike ukurasa huu. Mnajua kwamba dawa nyingi zinazouzwa sokoni huku zimeandikwa kwa Kiingereza. Zinatoka viwanda vya mbali, zinapita Uganda, zinaingia kwa njia za Bunagana na Ishasha. Siku moja tulikuwa tukirudi kutoka masomo, mama mmoja akatuita kwenye mlango wake. Mkononi alikuwa na chupa ndogo yenye maji meupe kama maziwa. Mtoto wake alikuwa na upele mwili mzima.

Akasema: «Watoto yangu, nyinyi munasoma Kiingereza. Munisomee hapa. Nimupakae asubui, na mangaribi nimupe kijiko anywe, upele utoke na ndani. Iko vile?»

Tukatazama. Ilikuwa benzyl benzoate, na chini yake maneno manne: «For external use only». Mmoja wetu akasema haraka kwamba «external» ni ya nje, kwa hiyo ni ya kupakaa. Mama akajibu vizuri kabisa: «Ndiyo, ya kupakaa najua. Nauliza juu ya kunywa.»

Angalieni swali la mama huyu. Kama chupa ingesema «for external use» peke yake, asingekuwa na kosa kuuliza. Dawa inaweza kuwa ya nje, na pengine ya ndani pia. Neno lililofunga mlango ni lile la mwisho, «only», ambalo mwenzetu aliliruka kwa sababu ni fupi na kila mtu analijua. Tukamwambia: «Mama, hii haiko ya kunywa hata kidogo. Iko paka ya kupakaa.» Akacheka kwa hizo «paka» mbili, lakini alisikia, na kijiko alichokuwa amekishika akakirudisha jikoni. Dawa ya namna ile ikinywewa inaweza kumdhuru mtoto vibaya.

Siku iliyofuata tulileta neno hilo kwa mwalimu, na saa nzima ikaisha juu yake. Kwanza tuliona kwamba «paka» yetu si «only» siku zote. «Anakula paka ndizi», hapo ni «only». Lakini «toka asubui paka mangaribi» ni «until». Na mtu akisema «ni paka aende», Mwingereza atatumia «must», ambayo haiko kielezi tena. Pili tuliona kwamba «only» inaeleza neno iliyo jirani nalo, na ukiihamisha umeandika habari nyingine. Mwalimu aliandika ubaoni: «Kahindo sold beans in Kiwanja on Saturday». Ukisema «Only Kahindo sold beans», wengine wote hawakuuza. Ukisema «Kahindo sold only beans», hakuuza mihogo wala mahindi. Kwa Kiswahili neno «tu» nalo linahama, lakini linakaa nyuma ya neno lake, si mbele: «maharagi tu».

Zimebaki nafasi nyingine za kutia «only» katika sentensi ile, na kengele ililia kabla hatujamaliza. Mwanafunzi wa kalasi yoyote anayezipata zote, pamoja na tafsiri yake kwa Kiswahili, alete kartasi yake kwa kalasi yetu kabla ya stensili ya toleo linalofuata kupigwa. Tutaandika majibu yaliyo sahihi, hata kama yameandikwa «muzuri» badala ya «vizuri».