Hodi Msituni

Kengele ya baiskeli ina sauti moja lakini husema mambo mawili. Ikilia mbali inasema "nipo". Ikilia karibu inasema "toka".

Jumapili msitu wa Karura, hapa Nairobi, hujaa: wakimbiaji, familia na watoto, wapenzi walioshikana mikono (hao ndio wagumu kuwapita), na sisi wa baiskeli. Hebu tupige hesabu kidogo. Ukienda kilomita 25 kwa saa, unakula karibu mita 7 kila sekunde. Kengele ya mita 20 inampa mtu sekunde tatu hivi za kusikia, kuelewa na kusogea. Kengele ya mita 5 ni ya kumshtua tu. Na aliyeshtuka hana mpango. Hugeuza kichwa, miguu ikafuata.

Shangazi yangu alivunjika kifundo cha mkono hivyo hivyo. Jamaa alipaza sauti, "Kulia!" akimaanisha anapita kulia, kama tunavyopitana barabarani. Shangazi akasikia amri, akarukia kulia. "Si nilikwambia, mama?" jamaa akasema, wala hakushuka. Kweli alimwambia, bana. Lakini alimwambia nini?

Mimi siku hizi natumia neno la mlangoni. Naacha kukanyaga pedeli mapema, nasema kwa sauti ya kawaida, "Hodi mzee, napita kulia kwako." Wengine hucheka. Wengine hujibu "karibu" kabla hawajajua wanamkaribisha nani. Tukiwa kundi naongeza, "Tuko watatu," maana mtu akishapitwa na mmoja hudhani yamekwisha, anarudi katikati ya njia, na wa pili ndiye humgonga. Hatua hiyo ndiyo wengi wetu huisahau. Kisha asante, na breki vidoleni mpaka nimempita kabisa.

Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa walipokuja kupanda miti, msitu usije ukagawiwa wajenzi. Msitu ukabaki wa watu. Sasa sisi, vijana wa gia ishirini na moja, ndio tunaowafukuza humo watu wazima.

Mkono wa shangazi ulipona zamani. Karura harudi. Jumapili anatembea uani kwake, raundi ishirini, akiinama kila anapofika kwenye kamba ya nguo.