Mama, Bugali na Ugonjwa wa Sukari

Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja hapa Nyarugusu, na mmoja wetu ni mwalimu wa kujitolea. Mwaka jana mama yetu alipimwa, akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze vyakula vya wanga. Wanga ndiyo bugali. Tutapunguza tubaki na nini?

Ushauri ukaja wa namna tatu.

Wa kwanza ulitoka kwa binti wa mama mdogo aliyehamia Marekani. Alisema kwa simu: "Mama mkubwa, acha bugali kabisa. Huku watu wanafanya keto, sukari inashuka." Keto siyo uongo. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Marekani aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na siku hizi wengine wenye sukari wanaifuata. Lakini tukafanya hesabu. Keto kwa kawaida inaruhusu wanga chini ya gramu 50 kwa siku nzima. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga kama gramu 75. Maana yake ni unga wa nusu kikombe tu, tena bila maharage. Kule wanajaza nafasi hiyo kwa nyama, mayai, samaki na mafuta. Sisi tutaijaza na nini?

Wa pili ulikuwa wa jirani: mama aache mahindi, ale bugali wa muhogo, eti muhogo hauna sukari. Hapo tuliuliza kliniki. Jibu: muhogo hauna utamu mdomoni, lakini unga wake una wanga mwingi kuliko hata wa mahindi. Ukifika tumboni unageuka sukari vilevile. Kubadilisha rangi ya bugali siyo kupunguza.

Wa tatu ulitoka kwa muuguzi. Alichora duara kwenye karatasi. Nusu ya sahani ni mboga za majani. Robo ni maharage au ndakala. Robo inayobaki ndiyo bugali, kama ngumi ya mama mwenyewe. Hakuna kuruka mlo. Uji usitiwe sukari.

Tulichagua huu wa tatu, na sababu kubwa ni dawa. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, kama mama, akiacha wanga ghafla au akilala njaa, sukari inaweza kushuka mno. Anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe mara moja maji yenye sukari, halafu mpeleke kliniki. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni haraka. Kwa hiyo kabla ya kupunguza chakula, ongea kwanza na anayekupa dawa.

Lakini shida ya nyumbani haikuwa hesabu, ilikuwa sahani. Sisi tunakula pamoja kwenye sinia moja. Siku ya kwanza tulipompakulia mama peke yake, alisukuma sahani. "Mnanitenga? Nimekuwa mgeni kwa watoto wangu?" Hakula. Na dawa alikuwa ameshameza! Tukamwita mdogo wetu alete sahani zote za nyumba, kila mtu akapakuliwa yake, tukakaa naye pale pale kwenye mkeka. Ndipo akala. Tangu hapo ni hivyo. Ila watoto wadogo tunawaongezea bugali, maana wanakua, lishe ya mgonjwa siyo yao.

Mboga tunatoa kwenye magunia mawili ya udongo nyuma ya nyumba: lengalenga na matembele. Sombe tunapika na ndakala zikipatikana. Maharage nayo yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi na protini, kwa hiyo sukari yake inapanda polepole.

Tunajua mtasema: mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu, si tulipunguza wanga wote? Hapana, wapendwa. Siku zile bugali ulipungua, na maharage na mafuta yakapungua pamoja nao. Ile ni njaa, siyo lishe. Ukitoa bugali kwenye sahani ya mgonjwa, weka kitu kingine mahali pake. Kama hakuna cha kuweka, usitoe, nenda ukaseme kliniki wazi kwamba nyumbani hakuna. Sisi tulisema, hatukuona haya. Muuguzi akaanza kumpima mama uzito kila mwezi, ili tujue kama inapungua sukari au anapungua mama.

Mama hajapona, na sukari yake bado inapanda siku nyingine. Asubuhi ilikuwa 14, sasa mara nyingi ni 9, na uzito haujashuka. Bado ananung'unika kwamba ngumi yake ni ndogo. Tunamwambia: "Mama, ngumi hiyo ndiyo iliyotulea."

Mungu awape afya njema, na kila mgonjwa asile peke yake.