Laleni Kitale, Mwamkie Kapenguria

Naendesha basi la kukodi. Wateja wangu ni shule za Thika na Ruiru, makanisa, na vyama vya akina mama, na ratiba huja kwangu ikiwa imeshaandikwa. Ombi langu kwao ni moja: wayatengee muda makumbusho madogo ya huko mashinani. Mara nyingi hupewa nusu saa, iliyobanwa kati ya chai na chakula cha mchana.

Mfano ni Hyrax Hill, Nakuru. Iko kando ya barabara kuu, na mabasi huipita mbio. Hapo Mary Leakey alianza kuchimbua makazi ya kale mwaka 1937, na kwenye mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa zamani. Mtoto wa Gatuanyaga akiinama kuyatazama, husema papo hapo: "Si hii ni giuthi!" Ameona babu yake akiucheza mchezo huo. Kuanzia hapo mwelekezi hana haja ya kumbembeleza asikilize.

Lakini moyo wangu uko Kapenguria, mbele ya Kitale. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1993 mahali walipofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano, waliohukumiwa Aprili 1953. Vyumba ni vidogo, kwa hivyo wanafunzi huingia wachache wachache, wengine wakingoja nje. Wakitoka, huwa nawaonyesha walipo majirani zao katika orodha ya wafungwa wale sita. Paul Ngei ni wa Kangundo, ng'ambo ya Ol Donyo Sabuk. Bildad Kaggia alikuja kuwa mbunge wa Kandara, hapo juu tu ya Thika, na mwaka 1964 akapoteza unaibu waziri kwa kuwatetea wasio na ardhi. Watoto wanaopita kando ya mashamba ya mananasi kila asubuhi wakilisikia hilo, huanza kuuliza nani alikuwa na shamba gani, na alilipataje. Mwalimu mzuri huwaacha waulize. Nimeyasikia maswali hayo yakiendelea nyuma yangu hadi Eldoret, redio ikiwa imezimwa.

Walimu wangu, kutoka Thika hadi Kapenguria ni siku nzima barabarani, na mkifika jioni watoto wamechoka, hawasikii kitu. Muhula ujao pangeni kulala Kitale. Asubuhi nitawafikisha langoni mapema, na nitawangoja hadi swali la mwisho lijibiwe.