SEHEMU YA 6: “Pole baba, ni wa kike tena”

Niliwaahidi leo tuongee kuhusu kumwachisha mtoto ziwa. Tutaongea, ila inabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa zamu ya usiku, kituo kimoja huku kwetu karibu na mdomo wa Ruvuma. Nikatoka leba kumpa taarifa baba aliyekuwa anasubiri kwenye benchi. Mkewe kajifungua mtoto wa tatu, na wawili wa mwanzo ni wasichana. Nikamwambia, “Pole baba, ni wa kike tena.” Akainamisha kichwa. Akauliza, “Mama yake mzima?” Nikasema mzima, nikarudi zangu ndani.

Jamani, pole tunampa aliyefiwa. Yule mtoto alikuwa mzima, kilo tatu na ushee, analia jengo zima linasikia. Na mimi nesi, mwanamke mwenzake, nikampa baba yake pole.

Miezi kumi baadaye nipo kliniki ya watoto, mama akaingia na binti yule yule. Sikumtambua mpaka nilipofungua kadi. Mwili umekwisha, nywele zimepauka, ngozi ya mapaja inaning'inia. Nikamzungushia ule utepe wa kupima mkono, ukasoma nyekundu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, nyekundu ni chini ya sentimita 11.5. Huo ni utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuondoka kwa kuharisha tu.

Bibi aliyewasindikiza akasema kwa sauti, benchi zima likasikia: “Kambemenda mtoto huyu!”

Mnalijua neno hilo. Mtoto akidhoofu, mama ndiye mwenye kosa, eti kalala na mume mapema, kamharibu mwanawe. Nikamwambia, “Shikamoo bibi. Naomba niongee na mama pembeni kidogo.”

Pembeni akalia kwanza, ndipo akasema. Ana mimba ya miezi minne. Mama mkwe alimuuliza atapumzikaje na mume hana mtoto wa kiume, na maneno ya mke wa pili yalishaanza kusikika. Alipojua ana mimba akamkatisha mtoto ziwa, akiwa na miezi saba, maana aliambiwa maziwa ya mjamzito ni sumu. Toka siku hiyo binti anakunywa uji wa muhogo mtupu.

Sasa piga hesabu, mama mwenzangu. Nyumba ile hakuna aliyemchukia mtoto. Hakuna aliyemnyima chakula makusudi. Lakini angekuwa wa kiume, nani angekuwa na haraka? Angenyonya mpaka miaka miwili. Haraka ya kumtafuta kaka yake ndiyo iliyomnyang'anya ziwa. Na haraka hiyo, mimi niliibariki kwa lile neno pole.

Nikamwomba mama aje na mumewe. Akaja, mpole tu, mkulima wa korosho na mpunga. Nikachukua mahindi na maharage, nikaweka mezani. Nikamwambia, “Mama ana punje za mahindi tu. Wewe una mahindi na maharage. Ukitoa hindi, anazaliwa binti. Ukitoa haragwe, wa kiume. Na hakuna anayechagua.” Kitaalamu mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X na Y. Akaziangalia zile punje kwa muda. “Kumbe mie ndiye,” akasema. Nikamjibu wala si kosa lake, ila la mkewe ndiyo kabisa halipo.

Wengine mnaniambia, “Nesi, hiyo ni mila yetu.” Mila ya nani? Wamakonde, Wamakua, Wayao, kwa asili yetu ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba alirithiwa na watoto wa dada yake. Nyumba isiyo na binti ndiyo iliyosemwa ukoo wake unakatika. Mzee mmoja huku aliwahi kuniambia kilichobadilika ni mikorosho: mtu akipanda mti utakaozaa miaka mingi, anataka umwendee mwanawe, si mpwa. Namwelewa. Lakini binti naye ni mwanawe, na kuokota korosho anaweza.

Basi mama, shika haya:

Ziwa la mjamzito si sumu. Mimba ikiwa haina shida, endelea kunyonyesha. Kama umewahi kuharibikiwa mimba au unaona damu, njoo kwanza tukuangalie.

Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo chakula kinaongezwa, na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi. Awe wa kike, awe wa kiume.

Uji wa muhogo peke yake unashibisha tu, haujengi mwili. Tia karanga au korosho za kusaga, dagaa wa unga, ufuta. Vyote tunavyo hapa hapa.

Ukishajifungua, subiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Kijiti, sindano, kitanzi vipo kliniki. Mama mkwe akikubana, njoo naye. Hatutamgombeza, tutamwekea mahindi na maharage.

Na ule utepe wa mkono hauna wa kike wala wa kiume. Ni mmoja.

Binti yule tulimpa chakula dawa, wiki baada ya wiki. Nyekundu ikawa njano, njano ikawa kijani. Siku ya kijani baba yake ndiye aliyemleta, kambeba begani. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya usiku ule. Akacheka, akasema alishasahau. Mimi sijasahau.

Najua mnataka kuuliza mtoto wa nne alikuwa nani. Alikuwa mzima, na mama yake mzima. Nilitoka nje nikamwambia baba, “Hongera.”

Wewe ulipojifungua binti, neno la kwanza uliloambiwa lilikuwa lipi? Niandikie. Sehemu ya 7 tutapika uji pamoja.