Dar au Dodoma? Tulipanda treni kwenda kujionea

Mume wangu alipopata barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma mwezi wa kwanza, tulikubaliana mimi na mtoto tutamfuata mambo yakikaa sawa. Miezi sita ikapita. Kwake yalikaa sawa: alipata nyumba Ilazo, akapata na watu wa kuangalia nao mpira. Mimi nilibaki Mbagala na binti wa miaka minne mwenye pumu, nikiishi nyumba moja na mama yangu.

Familia za namna yetu ni nyingi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo baada ya tangazo la mwaka 2016. Baba yuko huku, mama yuko kule, na kila ndugu ana ushauri. Wengi wanakwambia habari ya viwanja. Kwa kuwa naandika habari za afya, mimi huulizwa la hewa: wapi panamfaa mtoto mwenye pumu?

Nilimuuliza daktari anayemwona binti yangu. Akacheka kidogo. "Mama, usihame kwa sababu ya pumu, wala usibaki kwa sababu hiyo. Wewe angalia kama dawa anaipata kila siku."

Nilijisikia kama amenifumania. Nitaeleza kwa nini.

Mwezi wa saba nilichukua likizo ya wiki moja, tukapanda treni ya SGR, nauli shilingi 31,000 daraja la kawaida. Basi la Dodoma hukula kutwa nzima, lakini kwa treni tulifika kabla binti hajaanza kuuliza "bado?" kwa mara ya kumi. Kule Kilosa treni inapita ndani ya mahandaki, na yeye kila giza lilipoingia alipiga kelele za furaha behewa zima likacheka. Baada ya milima, ardhi ikageuka ya kahawia na mibuyu ikaanza kuonekana.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba upepo wake si wa mchezo. Usiku wa pili mtoto alikohoa. Nikampa inhela ya dharura kwa kile chombo cha plastiki chenye barakoa, akatulia, mimi nikakesha. Asubuhi nilipitisha kidole juu ya meza iliyofutwa jana yake: vumbi jekundu.

Lakini Mbagala nako ukuta wa chumba chetu hutoa ukungu mweusi kila masika, jirani anawasha mkaa chini ya dirisha, na mende hatujawashinda. Vyote hivyo vinaamsha pumu sawasawa na vumbi na baridi. Kwa hiyo suala la hewa nililiweka pembeni siku ya tatu.

Nikaanza kuhesabu saa.

Dar natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi ofisini Mwenge. Narudi saa mbili usiku, foleni ikiwa na huruma. Mkoa una watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, na baadhi ya jioni unaweza kuapa wote wako Barabara ya Kilwa. Binti hutumia inhela ya kuzuia asubuhi na jioni. Ya asubuhi anampa bibi yake. Ya jioni ni zamu yangu, na mara nyingi namkuta amelala, nami nimechoka. Wiki moja kabla ya safari niliamua kuandika kwenye kidaftari. Dozi ya jioni iliruka mara tatu kati ya siku saba. Mimi, ambaye nimewahi kuandika makala ya kuwahimiza wazazi wasiruke dozi.

Dodoma baba yake anatoka saa moja na robo na kufika Mtumba mapema. Saa kumi na moja na nusu jioni yuko mlangoni, jua bado lipo, mtoto bado anacheza. Wiki ile hakuna dozi iliyoruka.

Kasoro zipo. Maji yalitoka siku mbili tu, siku nyingine tulitumia ya tangi, na yana chumvi kiasi kwamba chai ilibadilika ladha. Kodi ya Ilazo inazidi ya Mbagala. Kazi nimekubaliwa kuihamisha, maana hata Wizara ya Afya iko huko, ila posho ya usafiri itakatwa.

Usiku mmoja tulifanya jaribio. Tulimpigia dereva wa bajaji tuliyepewa namba yake na jirani, tukapima muda wa kwenda hospitali: dakika 14. Kituo cha karibu zaidi kilikuwa wazi, lakini muuguzi alituambia mashine ya kuvutia dawa ni mbovu. Jambo hilo ni afadhali kulijua kabla ya usiku wenyewe.

Kilichobaki ni mama. Mwezi wa tatu binti alipobanwa kifua saa nane za usiku, yeye ndiye aliyesikia kutoka chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Hilo sikuweza kulipima kwa dakika wala shilingi.

Niliporudi nilimkuta anachambua mchele uani. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnahama?"

Nikamwonyesha kidaftari, wiki ya Mbagala na wiki ya Dodoma. Hasomi vizuri bila miwani, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye zile dozi tatu alinyamaza, akatoa chuya mbili tatu.

"Mbona hukunambia? Ningempa na ya jioni."

Tumekubaliana tuhame mwezi wa kumi na mbili, naye aje akae nasi hadi Pasaka, kisha arudi kwenye kikoba chake. Ana swali moja tu ambalo bado halijapata jibu la kumridhisha.

"Na samaki huko?"

"Wapo, mama. Wanatoka bwawa la Mtera."

"Wa maji baridi hao. Wananuka tope," alisema, akarudi kwenye mchele wake.