Mshipa wa Aibu

Kiswahili kina neno moja lililobebeshwa mizigo mingi: mshipa. Damu inayotoka moyoni hupita kwenye mshipa, na inayorudi nayo hupita kwenye mshipa. Neva ni mshipa wa fahamu. Ngiri nayo huitwa mshipa. Mtu asiyeona haya tunasema amekata mshipa wa aibu. Ninasoma shahada ya umahiri ya Kiswahili Dar es Salaam, na darasani wingi huo wa maana ni jambo la kufurahia. Hospitalini haukunifurahisha. Kwa miaka 10 nimekuwa na ugonjwa ambao kila nilipoutaja, mtu alisikia ugonjwa mwingine.

Ulianza nikiwa kidato cha tatu, mshipa wa kijani uliotokeza nyuma ya goti la kushoto. Nilipofika chuo kikuu ulikuwa umeshuka hadi karibu na kifundo, umejipinda na kufanya mafundo kama kamba iliyolowa. Asubuhi mguu ulikuwa mwepesi. Jioni ulikuwa mzito na unawaka, na usiku shavu la mguu lilikaza hadi nikaamka.

Kila mtu alikuwa na jibu. Shangazi alisema ni matende, maana kwetu Muheza, mkoani Tanga, watu wameyaona matende ya kutosha. Jirani alisema nimekanyaga kitu njia panda. Mama ndiye pekee ambaye hakushangaa. "Hiyo ndiyo miguu ya kwetu," alisema. "Bibi yako alikuwa nayo. Utazoea."

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Amesimama mbele ya ubao kwa miaka 29. Upande wa ndani wa mguu wake wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kuna kidonda kilichokuwa kikifunga na kufunguka tangu nikiwa mtoto. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa safi, akavaa gauni refu, akaenda kazini. Kidonda kisichopona huzungumziwa kwa sauti ya chini: watu husema sukari, husema ukimwi, husema amerogwa. Mama hakutaka kuwekwa kwenye lolote kati ya hayo, kwa hiyo alinyamaza. Kwa kunyamaza huko alisifiwa kuwa ni mvumilivu.

Mwaka jana ngozi ya mguu wangu ilianza kubadilika juu ya kifundo. Ikawa kahawia iliyokolea, kavu, inayowasha. Niliijua rangi ile. Ndiyo inayokizunguka kidonda cha Mama.

Katika zahanati ya kwanza nilisema nina shida ya mishipa, na mpokezi akaandika ngiri. Tabibu alipolirekebisha hilo aliuliza, bila kuutazama mguu, nimezaa mara ngapi. Nikamjibu sijazaa. "Basi ni uchovu," alisema, akaandika dawa ya maumivu. Ni kweli kwamba mimba huchangia. Lakini urithi huchangia pia, na umri, na uzito, na kazi za kusimama muda mrefu. Mimi ada yangu naipata kwa kusuka nywele saluni, na msuko mmoja wa rasta ndogo unaweza kunisimamisha saa sita.

Hospitali ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Safari hii nilipoingia kwa daktari nilikunja suruali hadi juu ya goti kabla ya kusema neno. Alivuta kiti, akainama, akatazama. Kisha akaniambia nibaki nimesimama kwa ajili ya ultrasaundi, kwa sababu vena zenye hitilafu huonekana vizuri mtu akiwa wima.

Alinieleza kwa mkono, akiupandisha na kuushusha. Damu ya mguuni lazima ipande hadi moyoni. Misuli ya shavu la mguu huisukuma tunapotembea, na ndani ya vena kuna vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Vali zikishindwa kufunga, damu hujikusanya, vena hutanuka na kujipinda, na shinikizo lile huharibu ngozi taratibu hadi inapasuka. Alilibana shavu la mguu wangu, akaliachia, na kwenye skrini nikaona damu ikirudi. Katika vena kama ile, kurudi kwa zaidi ya nusu sekunde si kawaida. Yangu ilirudi kwa sekunde tatu.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kuhusu mzunguko wa damu. Humo alionyesha kwamba ukifunga mkono kwa kitambaa juu ya kiwiko, kisha ukajaribu kuisukuma damu ya vena kwa kidole kuelekea vidoleni, inagoma. Vali zinaizuia. Miaka karibu 400 baadaye, mimi nilikuwa nimeandikiwa uchovu.

Daktari alisema siku hizi vena inaweza kufungwa kwa joto la leza kutoka ndani, lakini mashine hiyo pale haikuwepo. Palikuwa na njia ya zamani: kukata kidogo kwenye kinena, kuifunga vena, kuivuta hadi karibu na goti na kuitoa. Niliuliza damu itapita wapi. Alisema sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita kwenye vena za ndani kabisa, na zangu zilikuwa nzima.

Nilichomwa ganzi mgongoni. Jioni ile ile walinitembeza wodini. Bima ililipa operesheni, soksi za kubana nikanunua mwenyewe kwa pesa ya misuko. Paja lilikaa na rangi ya zambarau kwa wiki mbili.

Mama alikuja kuniuguza. Siku mbili hakuuliza kitu. Ya tatu, akinisaidia kuvaa soksi, aliuliza, "Aliyekutazama alikuwa mwanaume?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hakusema kitu kibaya?"

"Alisema nimewahi."

Nilipokwenda kuangaliwa tena, alinisindikiza. Hakusema kwamba na yeye ataingia. Aliingia tu. Daktari alimwita Mwalimu, akampimia presha mkononi na kifundoni, kwa kuwa mguu wenye ateri zilizoziba haufai kubanwa. Ateri zake zilikuwa salama. Kisha akauliza kidonda kina muda gani.

"Miaka 17," Mama alijibu, kwa sauti yake ya darasani.

Nilikuwa sijawahi kuisikia namba hiyo.

Alifungwa bandeji za kubana, tabaka juu ya tabaka, na kila wiki huenda kubadilishiwa Tanga. Akiwa nyumbani huinua mguu juu ya mto. Kidonda kimebaki ukubwa wa ukucha. Daktari amemwambia wazi kwamba vidonda hivi hupenda kurudi, kwa hiyo kikishafunga atavaa soksi, na vena yenyewe itashughulikiwa.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Mwalimu mwenzake ana miguu kama yetu na anataka kwenda hospitali, lakini hajui aseme anaumwa nini.

"Nimwambie aseme nini, mwanangu?"

"Mwambie aanze kwa kuwaonyesha mguu, Mama."